Beringi, Shafti na Neno "Ukubwa"

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya ufundi, twaona ni machache yaliyo mepesi kwa sura na mazito kwa madhara kama neno "ukubwa". Tuchukue mfano wa gokati, yaani kile kigari kidogo cha mbio ambacho Art Ingels alikiunda huko California, Marekani, mwaka 1956, na ambacho hadi leo watu wengi hujiundia nyumbani.

Tuliwahi kuletewa tafsiri ya maelekezo ya kuunda kigari cha namna hiyo. Mfasiri alikuwa ameandika: "Nunua beringi yenye ukubwa sawa na shafti." Ukubwa upi? Beringi ina vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, ambamo shafti hupita, kipenyo cha nje, kinachokaa katika tundu la chuma kinachoishikilia, na upana. Beringi yenye namba 6205 ina milimita 25 ndani, 52 nje, na upana wa milimita 15. Mwenye duka akiulizwa "beringi ya 52" hana kosa akitoa nyingine kabaisa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Shafti iliyotajwa ilikuwa ya inchi moja, kipimo cha kawaida kwa vigari vya kujiundia vya Marekani. Mfasiri akaigeuza kuwa "milimita 25", ilhali inchi moja ni milimita 25.4. Kwa mshonaji nguo tofauti hiyo si kitu. Kwa fundi, shafti ya inchi moja haiingii katika beringi ya milimita 25. Na shafti ya milimita 25 ikitiwa katika beringi ya inchi moja huchezacheza, huzunguka ndani ya pete yake, ikalika na kupata moto. Kukaza skrubu hakuponyi, kwani skrubu huisukuma shafti upande mmoja tu, nayo magurudumu huzunguka kombo.

Hapa ndipo tunapohitaji istilahi ya namna shafti inavyokaa ndani ya beringi. Sisi twapendekeza "mkao": mkao wa nafasi, shafti ikiwa nyembamba kuliko tundu, na mkao wa mbano, ikiwa nene kidogo. Shafti ya milimita 25 ya kubanwa yaweza kukerezwa iwe kati ya 25.002 na 25.015, nalo tundu la beringi ya kawaida huwa kati ya 24.990 na 25.000. Upana huo kati ya kipimo cha chini na cha juu wengine wameuita "uvumilivu". Hatukubaliani nao, chuma hakivumilii. "Ruhusa ya kipimo" yatosha.

Neno "beringi" lenyewe tuliache lilivyo. Watoto wanaofunga beringi chakavu kwenye vigari vyao vya mbao hawakungoja kikao cha wataalamu ili walipate.

Limebaki suala la "shafti" na "ekseli". Kwa kawaida ekseli hubeba magurudumu na shafti hupeleka nguvu. Katika gokati chuma cha nyuma hufanya yote mawili: mnyororo hukizungusha, nacho huzunguka pamoja na magurudumu. Mfasiri na akiite "ekseli inayozunguka", na asibadili jina katikati ya sura.