Paipu mbili za ekzosi kwenye pikapu ya kale: Zipitishwe wapi?

WAMILIKI wengi wa pikapu za kale nchini Marekani hutamani kusikia injini ya V8 ikinguruma kupitia paipu mbili za ekzosi. Hata hivyo, kazi hiyo ikifanywa kiholela, paipu hugonga ekseli, huunguza nyaya na hata kuingiza gesi ya sumu ndani ya kebini.

Miongoni mwa magari yanayofanyiwa marekebisho haya ni Chevrolet C10 zilizoundwa kati ya 1967 na 1972.

Injini ya V8 ina silinda nne kila upande, na kila upande una manifoldi yake ya kutolea moshi. Penye paipu moja, moshi wa pande zote mbili hukutanishwa chini ya gari na kupitishwa katika sailensa moja. Paipu zikiwa mbili, kila upande hupata njia yake, na shinikizo linalozuia moshi kutoka hupungua.

Ndiyo maana pikapu yenye silinda nne zilizopangwa katika mstari mmoja, kama zilivyo nyingi katika barabara za Kenya, hainufaiki sana kwa kuongezewa paipu ya pili. Moshi wake wote hutoka katika manifoldi moja.

Kutoka injini hadi giaboksi

Upande wa kushoto wa C10, paipu hushuka karibu na kifaa cha usukani. Upande wa kulia kuna stata, ambayo ikipata joto jingi hukataa kuzungusha injini hadi ipoe. Mafundi wengi huacha nafasi ya angalau inchi moja, na kuweka bati la kukinga joto palipo finyu. Nyaya za umeme na paipu za breki na petroli pia hazina budi kuepukwa.

Kwa injini ya lita 5.7, paipu za upana wa inchi 2.25 hadi 2.5, yaani takribani milimita 57 hadi 64, hutosha. Yafaa zikunjwe kwa mashine isiyobonyeza kona, kwani kona iliyobonyea hurudisha kizuizi kilichokuwa kikiondolewa.

Katika injini hizi silinda huwaka kwa utaratibu wa 1-8-4-3-6-5-7-2, zile za nambari witiri zikiwa kushoto na za shufwa kulia. Hivyo basi, silinda ya 8 na ya 4 hufuatana upande mmoja, kisha ya 5 na ya 7 upande wa pili. Ili kusawazisha mapigo hayo ya moshi, paipu fupi huunganisha zile mbili mithili ya herufi H, karibu na giaboksi.

Sehemu hiyo yafaa kufungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa yote. La sivyo, siku giaboksi itakapohitaji kushushwa, fundi atalazimika kukata paipu.

Juu ya ekseli

Sehemu ngumu zaidi iko nyuma. C10 nyingi zina springi za mviringo na mikono miwili mirefu inayoishika ekseli kutoka katikati ya chesisi. Paipu hupita kando ya mikono hiyo, zikapanda juu ya ekseli, kisha zikashuka bila kugusa springi, shokamzoba wala gurudumu la akiba.

Kosa la kawaida ni kupima huku gari limeinuliwa kwa chesisi. Ekseli huning'inia, na nafasi iliyo juu yake huonekana kubwa. Gari likishushwa na kupakiwa mzigo, ekseli hupanda na kuigonga paipu. Kwa hivyo, vipimo vichukuliwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na paipu iache nafasi hata ekseli inapofika mwisho wa kupanda.

Vishikizo navyo viwe vya mpira. Injini hutikisika, na paipu iliyokazwa kwa chuma kitupu hupasuka kwenye maungio.

Hatari ya sumu

Ni rahisi kukatiza paipu mbele ya magurudumu ya nyuma ili kuepuka kona za ekseli. Lakini moshi unaotokea chini ya gari waweza kupenya kebini kupitia matundu ya sakafu iliyoliwa na kutu, ama kuwafikia watu waliobebwa nyuma.

Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua. Ni salama zaidi midomo ya paipu ipite mwisho wa bodi.

Baada ya siku chache za kuendesha, bolti zikazwe tena na kila kiungo kikaguliwe, kwani masizi meusi kwenye kiungo ni ishara kwamba moshi unavuja. Na anayeumwa na kichwa au kuhisi kizunguzungu akiwa garini asimamishe gari mara moja, azime injini na kutoka nje apate hewa safi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.