Bibi Anaposimama ili Akujibu

Kila nilipomsindikiza bibi sokoni alikuwa na tabia moja. Nikimuuliza kitu njiani, husimama kwanza, hunijibu, ndipo aendelee. Nilidhani ni adabu ya mazungumzo. Miezi michache baadaye alijikwaa kizingitini, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakuoga tena bila kushikwa mkono.

Kusimama kule kulikuwa dalili. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, nchini Uswidi, waliwafuatilia wazee 58 katika makazi ya wazee. Walitembea nao huku wakiwazungumzisha. Wazee 12 walishindwa kufanya yote mawili, wakasimama ili wajibu. Ndani ya miezi sita, 10 kati ya hao 12 walikuwa wameanguka.

Kijana hutembea bila kuwaza. Kwa mzee ambaye misuli, macho na mizani ya mwili vimepungua nguvu, kila hatua hudai umakini wa ubongo, na swali dogo tu hunyang'anya umakini huo.

Mwendo wenyewe nao hubadilika. Misuli ya shavu la mguu ikilegea, msukumo wa sehemu ya mbele ya unyayo hupungua na hatua hufupika. Muda ambao nyayo zote mbili ziko chini kwa pamoja hurefuka, kwa kuwa mwili unaogopa kusimama kwa mguu mmoja. Hata kwa mtu mzima wa afya, kidole cha mguu hupita juu ya sakafu kwa sentimita moja au mbili tu. Kikishuka kidogo, ukingo wa mkeka unatosha kumwangusha. Kwa maoni yangu, dalili ya kuhofiwa kuliko mwendo wa polepole ni hatua zisizolingana: moja ndefu, moja fupi, nyingine imechelewa.

Wanawake wana mzigo wa ziada. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupoteza uimara wake haraka. Magoti nayo huwachakaa zaidi kuliko wanaume. Japani, ambako bima ya uangalizi wa wazee ilianza mwaka 2000 na sasa hugawa mahitaji katika ngazi saba, kuvunjika mifupa na maradhi ya viungo huwafikisha wanawake kwenye uangalizi kwa kiasi kikubwa kuliko wanaume, ambao kiharusi huwaelemea zaidi. Na kwa kuwa wanawake huishi miaka mingi zaidi, sehemu ya miaka hiyo huwa ya kutegemea mikono ya mtu mwingine.

Kipimo rahisi kilichapishwa na watafiti wa Kanada mwaka 1991: mzee ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi, aketi. Aliyetumia sekunde 30 au zaidi kwa kawaida alihitaji msaada katika shughuli nyingi za kila siku. Simu yenye saa na kiti cha barazani vinatosha. Mimi hutazama zaidi pale pa kugeuka, maana hapo mwili hulazimika kuhamisha uzito na kubadili uelekeo kwa wakati mmoja.

Wiki iliyopita mama yangu, mwenye miaka 71, aligeuka kwa hatua saba ndogondogo. Mwaka 2019 uchambuzi wa tafiti wa shirika la Cochrane ulikadiria kwamba mazoezi hupunguza maanguko ya wazee kwa takriban asilimia 23. Basi tumeanza: kila asubuhi kabla ya chai, anainuka kitini mara kumi bila kujishika.