NG'AMBO NA UGHAIBUNI: MASAIBU YA WALIMU WA KISWAHILI WALIOKWENDA UJERUMANI

Utangulizi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutajia nchi za mbali, na maneno hayo hayalingani. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Anayelitumia neno hili amesimama ufuoni akitazama mbele. Ughaibuni, kwa upande mwingine, limetokana na ghaibu, yaani hali ya kutokuwepo au kutoonekana. Hili ni neno la yule aliyebaki nyumbani akihesabu siku. Vijana wa mijini nao wameongeza majuu, neno lisiloficha kitu, kwani linabainisha wazi ni wapi panapodhaniwa kuwa juu na ni wapi panapodhaniwa kuwa chini. Wahenga hawakuvutiwa sana na majuu. Wao walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani.

Makala haya yanadhamiria kueleza mvuto, gharama na usalama wa safari za ng'ambo kwa kurejelea kundi moja la wasafiri ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kulijua. Hawa ni wenyeji wa Afrika Mashariki waliokwenda Berlin na humo wakafundisha Kiswahili, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Maandishi yao husomwa madarasani na kudondolewa katika tasnifu. Yaliyowapata wenyewe huulizwa kwa nadra.

Mvuto wa safari

Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha mjini Berlin Chuo cha Lugha za Mashariki. Lengo lake halikuwa la kitaaluma pekee. Maafisa, wafanyabiashara na wamishenari waliotarajiwa kutumwa kwenye koloni jipya walihitaji lugha, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kikitumika pwani na katika njia za misafara. Kwa sababu hiyo profesa Mjerumani alieleza sarufi, naye mzawa wa lugha akaajiriwa kuwafundisha wanafunzi matamshi na mazungumzo. Miongoni mwa wa mwanzo kushika kazi hiyo alikuwa Amur bin Nasur kutoka Unguja. Habari zake, alizoziandika kwa mkono wake, zilichapishwa na C. G. Büttner mwaka 1894 katika mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili.

Ni nini kilichowavuta? Mshahara ulikuwa mmoja wa vivutio, lakini si wa pekee. Katika jamii ya pwani msafiri aliheshimiwa kwa sababu alirudi na habari, na mwenye habari hakukosa wasikilizaji barazani. Desturi hii ndiyo iliyozaa nathari ya safari katika Kiswahili. Mfano wake mashuhuri ni simulizi la Selemu bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Dkt. Bumiller, ambaye mwaka 1896 aliandamana na bwana wake hadi Urusi na Siberia. Simulizi hilo lilitolewa na Carl Velten mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli. Aghalabu mhakiki huvutiwa na umbali wa safari hiyo. Pengine jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba Selemu hakulipa nauli wala hakuchagua njia. Alikwenda alikokwenda bwana wake, na alirudi bwana wake aliporudi. Safari inayogharamiwa na mtu mwingine huwa na masharti yake hata pale ambapo hayakuandikwa.

Gharama: kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akapata elimu ya dini ya Kiislamu. Mwaka 1900 alifika Berlin kuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kilichotajwa. Mchango wake katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten mwaka 1903, ni mkubwa kiasi kwamba leo yeye hutambuliwa kuwa mwandishi wake mkuu. Hata hivyo, jina lililotangulia kitabuni lilikuwa la Velten. Ilibidi isubiriwe tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa mwaka 1981, ndipo kazi hiyo iwafikie wasomaji wengi ikiwa na jina la Mtoro mbele. Miaka 78 ni muda mrefu kwa mtu kungojea jina lake.

Hiyo ilikuwa gharama ya kwanza, nayo haikulipwa kwa fedha. Gharama ya pili ilikuwa heshima. Darasani mwalimu huyu aliketi mbele ya watu waliokuwa wakijiandaa kwenda kuwatawala jamaa zake, na baadhi yao hawakustahimili kufundishwa na mtu mweusi. Mwaka 1905 aliiacha kazi hiyo. Kufikia wakati huo alikuwa amemwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske, nao wakaabiri meli kuelekea Afrika Mashariki kwa nia ya kuanza maisha nyumbani. Serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka na kuishi huko wakiwa mume na mke. Ndoa ya mtu mweusi na mwanamke mweupe, iliyofungwa kihalali Ujerumani kwenyewe, ilionekana kuwa tishio kwa utawala uliosimama juu ya tofauti ya rangi. Mwaka uliofuata, 1906, ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni hilo.

Mtoro akalazimika kurejea Ujerumani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 alifanya kazi na Carl Meinhof mjini Hamburg, na kwa miaka mingi alizunguka akitoa mihadhara kuhusu Afrika. Alifariki mwaka 1927 bila kurudi kwao. Ndipo maana ya ughaibuni inapodhihirika: aliyekwenda kwa mkataba wa kazi alijikuta hana njia ya kurudi, na aliyeifunga njia hiyo ni serikali ile ile iliyomhitaji kufundisha lugha.

Gharama za leo zinahesabika kwa urahisi zaidi, ingawa si nyepesi. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ilipandishwa mwaka 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na anayenyimwa viza harudishiwi fedha zake. Juu ya ada hiyo huhitajika bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Wahitimu wa Kiswahili wanaokwenda Marekani kufundisha kupitia ufadhili wa Fulbright huwa na nafuu kwa kuwa nauli na posho hulipwa. Ni vyema, hata hivyo, wafahamu kwamba viza yao huambatana na sharti la kurudi na kukaa nchini kwao kwa jumla ya miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu huko. Sharti hilo si siri. Ila wengi hulikumbuka baada ya kutia saini.

Usalama

Kuhusu usalama, kisa cha Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, ni kizito kupita vyote. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe akatumika katika jeshi hilo akiwa bado mtoto wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na babake hawakulipwa. Dai lake lilikataliwa. Alibaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia wateja mkahawani, akafundisha Kiswahili chuoni kwa ujira mdogo, na kuigiza katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi akiwa mtumishi au askari mtiifu wa Wajerumani.

Mwaka 1933 Wanazi walitwaa mamlaka. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935, zilizolenga Wayahudi, zilitumiwa pia dhidi ya watu weusi. Mwaka 1941 Husen alikamatwa kwa kushutumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Alikuwa mtu aliyeitumikia nchi hiyo tangu utotoni, lakini siku ya shida hapakuwa na serikali iliyomhesabu kuwa raia wake na kuuliza yuko wapi.

Tofauti kubwa kati ya Husen na msafiri wa leo iko katika swali hilo la nani atakayeuliza. Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963 kinampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe bila kuchelewa, na maafisa wa ubalozi haki ya kumtembelea kizuizini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 12, inamtambulia kila raia haki ya kupata pasipoti. Haki hizi hufanya kazi iwapo msafiri anayo pasipoti yake mkononi na anaijua nambari ya simu ya ubalozi. Ndiyo maana zoea la waajiri kuwanyang'anya wafanyakazi pasipoti, ambalo limelalamikiwa mno na Wakenya wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, si usumbufu mdogo wa kiofisi. Mwajiri anapoikalia pasipoti, mfanyakazi hawezi kuondoka, wala hawezi kuthibitisha kwa urahisi kwamba yeye ni raia wa nchi gani. Kenya ilisitisha upelekaji wa wafanyakazi hao Saudia mwaka 2012, na mwaka 2014 ikapanua marufuku hadi nchi nyingine za Ghuba, kisha ikaiondoa mwaka 2017. Mvuto haukupungua katika miaka hiyo. Kuna waliosafiri kwa njia za vichochoro, wasiojulikana na ubalozi wowote.

Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu liliwekwa kwenye njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba aliyoishi Husen mjini Berlin.