Je, Wajua? Riwaya za Kicheko, Utafiti wa Kweli

Je, wajua kwamba Georgette Heyer, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1902, alianza kutunga ili kumchangamsha mdogo wake wa kiume aliyekuwa mgonjwa? Hadithi hiyo ikawa riwaya yake ya kwanza, *The Black Moth*, iliyochapishwa mwaka 1921. Baadaye alivuma kwa riwaya za kuchekesha kuhusu matajiri wa Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, wanaohangaikia mavazi, dansi, posa na umbeya. Hata hivyo hakubahatisha: alijaza madaftari maelezo ya nguo, magari ya farasi na misimu ya enzi hiyo. Aliandika zaidi ya vitabu 50. Anza na *Cotillion* ya mwaka 1953, ambamo kijana mpole humshinda mtanashati mwenye maringo.