Unataka Jogoo wa Kuchi? Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Doo

Kila siku unashukia Jogoo Road ukienda Mbotela, lakini jogoo wa ukweli pengine hujawahi ona. Naongelea kuchi, ule mrefu wa Coasto, anasimama wima ka askari wa gwaride.

Mwaka jana nilitoa thao tatu nikauziwa kifaranga cha "kuchi" na jamaa flani. Miezi minne baadaye kilemba kimeota kirefu, meno meno, ka ya jogoo yoyote wa ushago. Mathe alicheka hadi akakaa chini. Sasa sikiza, usichapwe ka mimi.

Kuchi original ako na shingo ndefu, miguu ndefu na nono, mdomo mfupi umejikunja, na manyoya kidogo zimeshika mwili. Lakini siri iko kichwani. Kilemba ni kadogo, kamelala, na ile nyama nyekundu hushuka chini ya mdomo karibu haiko. Kwa kifaranga hutaona hizo zote, basi itisha uone wazazi. Wote wawili, si picha ya WhatsApp. Jogoo akikomaa hufika karibu kilo 2.7, na kuku karibu 1.8.

Ametoka wapi? Lamu, Mombasa na Zanzibar wanamjua kitambo, lakini damu ni ya Asia. Wanasayansi walipima DNA ya kuchi wa Tanzania wakapata upande wa mama uko karibu na Shamo, jogoo wa vita wa Japani. Ndio maana kilemba ni kadogo: kwa vita, kikubwa ni mahali pa kushikiwa.

Na usianze ujinga. Kupiganisha jogoo Kenya ni kosa kisheria. Waingereza walipiga hiyo mchezo marufuku 1835, wafugaji wakageukia maonyesho ya urembo. Hapo ndio Modern Game alizaliwa, jogoo wa miguu ka fito, kazi yake kuangaliwa tu.

Kwa ploti yetu ndogo, majogoo wawili wa kuchi hawakai banda moja, wataumizana vibaya. Mayai pia si mengi, hiyo biz tafutia kuku ingine. Chanjo ya Newcastle usiruke. Na ukipata jogoo safi, mtafutie kuku wa kuchi. Ukimwachilia kwa kienyeji wa jirani, vifaranga ndio hao mtu atauziwa thao tatu.

Yangu? Iliingia sufuria Krisi. Mathe bado anacheka.