Baisikeli ya Kumpa Mke

Mwaka jana nilinunua baisikeli mbili kwa mtu mmoja, naye ni mke wangu. Ya kwanza niliichagua kwa macho yangu, ya pili kwa macho yake. Na kwa kuwa nimewasikia waume watatu wa mtaani kwetu wakisema wanataka kuwapa wake zao zawadi ya namna hiyo, nimeona vema kuwaandikia habari hizi, wasije wakapoteza fedha kama mimi.

Sisi tunakaa Tanga, upande wa Kange palipo stendi ya mabasi, na mke wangu hushona nguo pamoja na mafundi wenzake huko Ngamiani. Kwa miguu ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Asubuhi alikwenda kwa daladala. Jioni, nauli ikiwa imekwisha kwa kununua mboga, mara nyingi alirudi kwa miguu, akafika kwetu gizani. Niliiona miguu yake ilivyojaa vumbi, nikaweka akiba miezi minane bila kumwambia neno. Nilitaka astaajabu.

Basi akastaajabu kweli. Nilimletea baisikeli kubwa nyeusi, ya magurudumu ya inchi 28, yenye bomba la juu na breki za vyuma, mfano wa ile aliyokuwa nayo marehemu baba yangu, ambayo kwangu mimi ndiyo baisikeli hasa. Akashukuru, akaifuta vumbi kwa khanga yake. Lakini kuipanda hakuweza ila kwa kukunja gauni mpaka magotini, na majirani wapo wanatazama; na alipoketi, vidole vyake havikufika chini. Akajikaza. Siku ya tatu barabarani, lori la saruji litokalo Pongwe likapiga honi nyuma yake, akataka kushuka upesi, bomba likamzuia, akaanguka kando ya mtaro akateguka kifundo cha mkono. Mtu ambaye riziki yake i mikononi! Siku kumi na mbili hakushika sindano.

Hakunilaumu. Aliiegemeza ukutani, akarudi kwenye mwendo wake wa miguu. Baada ya mwezi nikaanza kuiendesha mimi mwenyewe, na watu njiani wakanipongeza kwa baisikeli nzuri. Nao hawakujua kwamba kila neno la sifa lilikuwa likinichoma.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja afanyaye kazi ya ufundi baisikeli chini ya mwembe. Akanisikiliza hata mwisho, kisha akauliza: “Mwalimu, miguu ya mkeo ina urefu gani? Huvaa nini aendapo kazini? Hubeba nini? Na usiku baisikeli italala wapi?” Nililijua moja tu, kwamba huvaa gauni. Akacheka taratibu, akasema, “Basi ulimnunulia mtu usiyemjua. Mlete mwenyewe.”

Nikamleta. Na mambo niliyojifunza siku ile nayaandika kama nilivyoyasikia.

Baisikeli ya mfano tuuonao leo, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa kuzungusha lile la nyuma, ilianza kuenea baada ya mwaka 1885, John Kemp Starley alipoitoa ile yake iitwayo Rover katika mji wa Coventry, Uingereza. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, akaandikisha tairi la upepo, ambalo kwanza alilitengeneza kwa ajili ya baisikeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Wala mwaka 1900 haukufika kabla mafundi hawajaona kwamba mwanamke wa nguo ndefu hawezi kurusha mguu juu ya bomba; wakaliinamisha bomba lile, apate kupita katikati. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako wanaosema baisikeli ya hivyo ni dhaifu. Mzee alikiri kwamba lipo neno la kweli hapo: bomba la juu hufunga pembetatu, na pembetatu haipindiki kwa urahisi, likiondoka, mabomba mengine hutakiwa yawe manene zaidi, na baisikeli huwa nzito kidogo. Lakini mjini, penye kusimama na kushuka kila mara, heri uzito kuliko mtaro.

Akampima. Mwendeshaji aketi kitini, akiwa ameshikiliwa, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka pasipo kiuno kuyumba, kiti ki sawa. Akiisha kuweka sehemu ya mbele ya unyayo, kama ilivyo desturi, goti litakunjika kidogo. Kwa ajifunzaye, kiti kishushwe kwanza hata nyayo ziguse ardhi, kipandishwe baadaye. Usukani nao uwe juu kuliko kiti, ili aone barabara bila kuinama.

Kisha akatuonyesha zile zitokazo Japani zikiwa zimekwisha kutumika, ambazo Wajapani huziita mamachari, yaani baisikeli ya mama. Zina kikapu mbele, keria nyuma, kifuniko cha mnyororo, taa, kufuli juu ya gurudumu la nyuma, na stendi ya kuisimamisha imara mtu akiipakia mzigo. Mke wangu akazikagua moja moja kama akaguavyo kitambaa sokoni, akazikataa mbili, moja kwa kuwa kifuniko cha mnyororo kilipasuka. “Hapa ndipo gauni litakapoingia,” akasema. Mimi nisingeliona.

Habari za breki mzee alizirudia mara mbili. Zile za vyuma virefu, ambazo hubana mpira juu ya rimu ya chuma, hushika vizuri siku kavu. Rimu ikilowa wakati wa masika huteleza, na baisikeli hukawia kusimama. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi ikilowa, na breki iliyofunikwa kitovuni mwa gurudumu haisumbuliwi sana na mvua. Gia hatukuzitafuta, kwa kuwa njia yake haina kilima cha kutisha. Msomaji wa Lushoto asinifuate hapa. Yeye atafute zile gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu.

Tena lipo jambo lililonishangaza. Tairi mbili zaweza kuandikwa inchi 26, wala zisivaliane rimu. Ile ya 26 kwa 1 3/8 hukalia rimu ya kipenyo cha milimita 590, na ile ya 26 kwa 1.75, iliyozoeleka katika baisikeli za milimani, hukalia rimu ya milimita 559. Basi tazameni hesabu ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kama 37-590 au 47-559. Hesabu ya pili ndiyo isemayo kweli. Na kabla ya kulipa, ulizeni katika maduka ya mtaani kwenu ni tairi gani wanazo, kwa maana baisikeli nzuri isiyo na tairi ni pambo la ukutani, nami pambo la namna hiyo nilikuwa nalo tayari.

Tulipokwisha kuipata, ya rangi ya buluu iliyofifia, nikatia mkono mfukoni. Mke wangu akanizuia.

“Baba,” akasema, “kabla hujatoa fedha, niambie. Hii itakuwa yangu, au itakuwa ya nyumbani?”

Mzee fundi akageuka akajifanya anatafuta spana. Mimi nilielewa. Kitu cha nyumbani hutumwa dukani, huazimwa na shemeji, huchukuliwa na mume akiwa na haraka. Na siku ya kazi mwenyewe huikuta haina upepo. Nikajibu kwamba ni yake. Akaomba funguo zote mbili za kufuli, akazifunga katika pindo la khanga.

Ile nyeusi niliiuza kwa hasara, na fedha zake zikanunua pampu, viraka, taa nyekundu ya nyuma na mafuta ya mnyororo, maana pwani chumvi hula chuma upesi. Majuma matatu alijifunza jioni katika uwanja, mimi nikikimbia nyuma nimeshika keria. Wako waliocheka. Sasa huondoka kumekucha, hufika Ngamiani kabla ya wenzake, na jioni jua halijazama amekwisha kufika.

Jumamosi iliyopita nilipata habari ya mgonjwa aliye mbali kidogo, nikamwomba mke wangu aniazime baisikeli yake. Akaniuliza nitairudisha saa ngapi. Nikasema labda saa kumi. Akafikiri, akasema ana nguo ya bibi arusi ya kupeleka saa tisa. Nikavaa viatu, nikaenda kwa miguu.