Kadi ya Harusi na Isomeke

Msimu wa harusi ukiwadia, kadi za mwaliko hutufikia majumbani moja baada ya nyingine. Nyingi siku hizi huchapwa kwa fonti za mwandiko: herufi nyembamba, zilizoinama na kushikana, mikia yao imevutwa mithili ya maua ya hina. Twazipenda, wala hatuzilaumu. Lakini hivi karibuni bibi mmoja wa mtaani kwetu alifika nyumba ya harusi siku sita baada ya walima. Kadi ilisema tarehe 11, naye akaisoma 17. Alisimama mlangoni na zawadi yake mkononi, mikeka imekwisha kukunjwa na maharusi wamehamia kwao.

Herufi hizi zina asili yake. Snell Roundhand, iliyochorwa na Matthew Carter katika miaka ya 1960, yafuata hati ya Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa Uingereza aliyeishi zaidi ya miaka 200 kabla yake. Zapfino, kazi ya Mjerumani Hermann Zapf iliyotolewa mwaka 1998, ina herufi zenye maumbo zaidi ya moja, ili neno lifanane na lililoandikwa kwa kalamu. Uzuri wake huonekana katika maneno machache yaliyoachiwa nafasi. Zikipunguzwa sana, mistari yake myembamba hupotea. Zikiandikwa zote kwa herufi kubwa, mikia hugongana na neno halisomeki.

Sisi watu wa pwani si wageni wa mwandiko mzuri. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa nakshi. Pambo lao lilizunguka maandishi, halikuyafunika. Aya zilibaki wazi kwa msomaji.

Basi na tufuate adabu hiyo. Majina ya maharusi tuyaandike kwa fonti ya mwandiko, makubwa na yenye nafasi. Siku, tarehe, saa na mahali viwe kwa herufi za kawaida zilizosimama, kwa wino mweusi au wa rangi iliyokoza. Wino wa dhahabu juu ya karatasi ya maziwa hupendeza, lakini macho ya wazee hayauoni vyema. Tena tuitaje siku kwa jina pamoja na tarehe, ili moja ikikosewa, nyingine isahihishe.

Kuitikia mwaliko ni haki ya Muislamu juu ya nduguye. Naye mwalikaji ana wajibu wa kueleweka. Kabla ya kumruhusu mchapaji aendelee, tumpe nakala moja bibi au babu aliye mkubwa kuliko wote nyumbani, aisome kwa sauti bila kuambiwa lolote. Akikwama kwenye tarehe, kadi irudishwe ikarekebishwe. Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu kheri na baraka.